Besi imeenda wapi? Usikimbilie kununua amplifaya

Umefunga spika mbili mpya kwenye gari. Sauti nyembamba zinasikika safi, ila besi hakuna kabisa. Fundi anakwambia ununue amplifaya. Subiri kwanza! Fanya jaribio hili la bure: peleka balansi yote kushoto, kisha kulia. Besi imeongezeka? Basi karibu hakika spika moja waya zake zimegeuzwa, chanya kwenye hasi.

Sasa, spika moja inazishindaje mbili? Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Waya zikigeuzwa, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Besi ya hezi 50 ina wimbi la urefu wa karibu mita 7, refu kuliko magari mengi, hivyo misukumo hiyo inafutana karibu popote ulipokaa. Hezi 5,000 wimbi lake ni sentimita 7 tu: linafutana hapa, linaongezeka pale, sikio halishtuki.

Dawa yake? Zima redio, geuza waya za spika moja tu. Ukigeuza za zote mbili, umerudi palepale! Na kama balansi haikubadilisha kitu, angalia mipangilio ya redio: huenda kuna kichujio kinachokata besi.