Kigezo cha Ahadi katika Kubaini Fanksheni za Mfumo Zinazohamishika

Programu ya kawaida haigusi diski moja kwa moja. Huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo kupitia fanksheni za mfumo. Iwapo programu inakusudiwa kutumika katika Linux, macOS na Windows, mwandishi wake hana budi kuamua ni fanksheni zipi zinazotegemeka kote. Hoja ya msingi ni kwamba kuwapo kwa jina lilelile katika mifumo yote si kigezo tosha. Kinachopaswa kulinganishwa ni ahadi inayoambatana na jina hilo.

Fanksheni zisizokuwapo kote hazina hatari kubwa. Kwa mfano, fork imo katika POSIX, kiwango kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, lakini Windows huanzisha mchakato mpya kwa CreateProcess. Vivyo hivyo, epoll ni ya Linux ilhali macOS hutumia kqueue. Kasoro ya aina hii hujitokeza mapema, kwa kuwa programu hushindwa kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine.

Hatari imo katika majina yanayofanana. Kiwango cha lugha ya C kinaitambua rename, lakini hakiamui kitakachotokea endapo jina jipya tayari lina faili. POSIX huagiza faili jipya lichukue nafasi ya lile la zamani. Katika maktaba ya C ya Windows, fanksheni hiyo hurudisha hitilafu. Mfano mzito zaidi ni fsync. Katika macOS, fanksheni hii hupeleka data kwenye diski, lakini data hiyo inaweza kubaki katika kumbukumbu ya muda ya diski yenyewe. Anayehitaji uhakika hulazimika kutumia F_FULLFSYNC kupitia fcntl. Umeme ukikatika, muamala uliokwisha kuthibitishwa unaweza kupotea, ingawa fsync ilirudisha jibu la mafanikio.

Kwa hiyo, uamuzi upitie maswali matatu: Je, fanksheni imo katika kiwango rasmi? Je, kiwango hicho kinaeleza matokeo yote, yakiwamo ya kushindwa? Je, kila mfumo unatimiza maelezo hayo? Fanksheni inayokosa jibu la ndiyo katika swali lolote haina budi kutengewa tabaka lake, lenye utekelezaji mahususi kwa kila mfumo, ili sehemu nyingine za programu zitegemee ahadi moja tu.