Mwalimu Ndani ya Simu

Wahenga walinena, elimu haina mwisho. Siku hizi haina hata mlango! Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa sababu ya Korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitufundisha kwa redio, televisheni na YouTube. Madarasa yote yalirudi shuleni Januari 2021, lakini masomo ya mtandaoni hayajaisha.

Je, ndugu msomaji, yanatufaa sisi wa shule ya kutwa? Jioni tukitawanyika kwenda Langas na Huruma, mmoja anakuta simu kubwa nyumbani, mwingine kabambe tu. Kazi ikitolewa kwa video pekee, huyu wa kabambe ameachwa nyuma, na wala si mvivu.

Tena video hula bando haraka kuliko maandishi. Basi naona ni heri mwalimu apakue somo mara moja, tulitazame pamoja darasani, kisha muhtasari uandikwe ubaoni. Maswali ya nyumbani yatumwe kwa ujumbe mfupi, maana huo hufika hata kwa kabambe.

Simu ni chombo tu. Asiyekuwa nayo asigeuzwe mgeni katika darasa lake mwenyewe.