Je, wajua? Undugu wa spea za Land Rover 109

Taa ya kushoto ya Land Rover 109 iliyoegeshwa uani kwetu Mbweni ilitengenezwa kwa ajili ya Land Cruiser. Iliingia mahali pake bila kugongwa wala kuchongwa, ikashikwa na pete ileile ya zamani, na usiku huohuo ikamulika mnazi wa jirani. Siri yake ni milimita 178, yaani inchi 7. Marekani ilianza kulazimisha taa ya duara ya ukubwa huo kwenye magari yake mwaka 1940, na viwanda vya nchi nyingine vikafuata. Ndiyo maana Mini, Land Cruiser za taa za mviringo na Land Rover yetu zinaweza kuazimana macho.

Gari letu ni Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu mita 2.77. Wengi wetu tulilijua kama gari la misheni, la hospitali ya wilaya au la bwana shamba. Baadhi ya Land Rover za Afrika Mashariki ziliunganishwa na Leyland huko Thika, Kenya. Oktoba 2024, Land Rover zaidi ya 1,000 za rika mbalimbali zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lake, na kuukuu zilikuwamo. Zinaishije hadi leo? Kwa sehemu kubwa, zinaishi kwa kuazima.

Na kuazima ni asili yake. Mwaka 1947, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alisimamia gari la kwanza la majaribio. Chasisi yake ilikuwa ya Jeep ya Marekani na injini ikatoka kwenye gari dogo la Rover. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa bati la aluminiamu. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam.

Lakini ili spea iazimike, lazima kwanza kiwanda kiwe na nidhamu ya kutengeneza vitu vinavyofanana. Zamani kila kifaa kilipigwa tupa hadi kikubaliane na mwenzake mmoja tu. Mwaka 1908, klabu ya magari ya kifalme ya Uingereza ilizifungua Cadillac tatu hadi kipande cha mwisho, ikavichanganya vipande vyote, kisha ikaondoa 89 na kuweka vipya kutoka stoo. Mafundi wakayaunga upya magari matatu kutoka kwenye rundo lile, nayo yakakimbia maili 500. Cadillac ilipewa tuzo ya Dewar kwa jaribio hilo. Kila tunapotoka Kariakoo na spea mkononi tukiamini itaingia, tunakula matunda ya nidhamu hiyo.

Sasa tuangalie ukoo wa karibu. Injini yetu ya petroli ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na aina hiyo ilianza kutumika 1958. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9. Wahandisi walipotaka nguvu zaidi, kipenyo wakakiacha, wakarefusha safari ya pistoni hadi milimita 97, wakapata ujazo wa 2,495. Katika ukoo huo ndimo ilimozaliwa 200Tdi, dizeli yenye tabo iliyokuja na Discovery ya mwaka 1989. Kwa kuwa mgongo wa bloku ulibaki na mpangilio wa ukoo, mafundi huweza kuifunga kwenye giaboksi ya Series, ingawa injini iliyotoka kwenye Discovery hudai kubadilishiwa kava la flaiwili na vishikio vya injini. Ni mjukuu anayelala kwenye kitanda cha babu.

Ringi nazo ni ndugu. Bolti tano za gurudumu zimepangwa kwenye duara la milimita 165.1, na kipimo hicho ni kimoja kwa Series, Range Rover za kwanza, Discovery za kwanza na Defender. Hata hivyo, bolti za magari ya mwanzo ni za inchi 9/16 na za baadaye ni za milimita 16. Matundu yakikubaliana, nati nazo ziulizwe.

Kuna pia undugu usio wa damu. Ukisafisha beringi kwa petroli utaona namba imechongwa pembeni. Chukua 6205: tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5, unapata 25, ambayo ni milimita za tundu la katikati. Kanuni hiyo inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Upana wa nje wa 6205 ni milimita 52 na unene wake 15, iwe imetoka kwenye pampu ya maji, jenereta au gari. Sili za oili nazo huandikwa vipimo vitatu: tundu, upana wa nje na unene. Anayejua kusoma namba hizi haulizi dukani kama kuna beringi ya Land Rover. Anataja namba, na muuzaji anainua mkono kwenye rafu.

Hapo ndipo fundi mzee wa huku kwetu alipoanza kunifundisha tahadhari. Nilimletea bolti mpya ya kava, ya milimita 8, nikiwa nimeridhika nayo. Akaiingiza kwa vidole, ikaenda mizunguko miwili, ikagoma. Nikanyoosha mkono kuchukua spana. "Acha, mwanangu. Ukiilazimisha leo, kesho utatafuta tundu," alisema. Gari letu lilidai bolti ya inchi 5/16, ambayo ina kipenyo cha milimita 7.94. Kwa macho ni pacha. Lakini nyuzi za bolti hiyo ya inchi zimeachana kwa milimita 1.06, na za bolti ya milimita 8 ya kawaida kwa 1.25. Nyuzi mbili za kwanza zinavumiliana, zinazofuata zinang'oana.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye difu. Difu ya mbele ya gari letu ina uwiano wa 4.7: propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ile ya Range Rover ya kwanza au Discovery ina 3.54, na huweza kuingia kwenye ekseli yetu ya mbele, mradi meno ya hafu shafti yalingane. Ekseli ya nyuma ya 109 ya Series III ni ya aina nyingine, Salisbury, nayo haiipokei difu hiyo. Ukibadili ya mbele peke yake, kwenye Barabara ya Bagamoyo huoni kasoro, maana gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Siku utakayokwama kwenye tope la masika na kuvuta mkono wa magurudumu manne, ya mbele yatadai kwenda theluthi moja kwa kasi zaidi ya ya nyuma. Vyuma vitavutana, na kimoja chaweza kukatika. Spea iliingia, lakini haikuelewana na wenzake.

Hata metali zina kuelewana kwake, na Mbweni panalijua hilo. Upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi ikilowa mahali chuma kinapogusana na aluminiamu, umeme mdogo hupita kati yao, na aluminiamu huliwa polepole hadi ibaki unga mweupe. Bolti ya chuma kisichoshika kutu, ambayo wengi hudhani ni bora, yaweza kuharakisha ulaji huo. Ndiyo maana fundi wetu huweka washa ya mpira na grisi kati ya bolti na bati kabla ya kukaza.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Spea iliyoko Uingereza haitaliwasha gari la Mbweni asubuhi hii, na ya karibu itafaa iwapo imepimwa. Kwa hiyo chini ya kiti cha dereva tumeweka daftari la shule. Limeandikwa: taa ya kushoto, Land Cruiser, inchi 7; bolti ya kava, 5/16, nyuzi nyembamba; difu, usiguse ya mbele bila ya nyuma. Fundi atakayelifungua gari hili baada yetu hatahitaji kukisia ndugu zake ni akina nani. Kurasa nyingi bado ni tupu, na kalamu imefungwa kwa uzi.