Umeleta watoto wa mbwa na nyumbani kuna paka? Usiwakutanishe siku ya kwanza

Kwa familia nyingi za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, paka si pambo la nyumba. Ana kazi. Huku milimani analinda mahindi yaliyo kwenye magunia na darini juu ya moto. Kule Mbamba Bay, Liuli na Lituhi anapambana na panya wanaofuata harufu ya usipa waliokaushwa. Mbwa naye ana kazi yake: kulinda nyumba, kufukuza ngedere na nguruwe pori shambani, na msimu wa mavuno kukaa macho usiku wakati kahawa bado iko kwenye vichanja.

Shida inaanza pale mtu anapopewa watoto wawili wa mbwa na jirani. Anawabeba kwenye boksi, anafika nyumbani na kuwaachia katikati ya jiko. Paka aliyekuwa amelala kando ya mafiga anaruka, mkia umevimba kama brashi, huyoo mlangoni. Watoto wanacheka.

Siku ya tatu paka haonekani. Baada ya muda panya wanaanza kutoboa magunia, na mwenye nyumba anakwenda dukani kununua sumu ya panya. Hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa, maana mtoto wa mbwa anaokota kila kitu. Anaweza kula chambo chenyewe, au panya aliyekufa kwa sumu. Kuku nao hivyohivyo. Yaani paka ameshaondoka, na mbwa uliowaleta nao wanaweza kufa.

Haya yote yanazuilika kwa uvumilivu wa wiki chache tu.

Je, ni wivu?

Wengi husema paka ana wivu. Ukimwangalia unaweza kuamini hivyo, lakini jambo lenyewe ni tofauti kidogo. Paka ameshikamana na eneo lake kuliko mbwa. Anajua njia zake, sehemu ya kulala, pa kunywea maji na pa kukimbilia akishtuka. Anapopita anajisugua kwenye mlango, kwenye kiti na kwenye miguu yako, na hapo anaacha harufu yake. Harufu hiyo ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwetu, hapa ni salama.

Watoto wa mbwa wakiingia, harufu yote inavurugika kwa siku moja. Na kama ni mwezi wa Juni au Julai, baridi ya Mbinga unaijua mwenyewe, kila mnyama anataka kulala karibu na moto. Paka anakuta nafasi yake imekaliwa na wageni wawili wanaolia usiku kucha. Hata mtu angenuna.

Halafu kuna suala la lugha. Mbwa akitikisa mkia, mara nyingi amefurahi. Paka akiurusha mkia wake huku na huku, amekereka. Mtoto wa mbwa anapotaka mchezo anainamisha kifua chini, anainua makalio na kubweka. Paka anaona mnyama anayejiandaa kumrukia. Paka naye akilala chali mbele ya mbwa, mara nyingi hajasalimu amri, ameweka tayari kucha za miguu yote minne. Mtoto wa mbwa hajui hilo, anasogeza pua, anapigwa ukucha wa jicho. Mbwa wachanga huweza kuumia macho kwa namna hiyo, kwa hiyo usidhani anayehitaji ulinzi ni paka peke yake.

Anza na harufu, siyo sura

Siku za kwanza wanyama wasionane kabisa. Watoto wa mbwa waweke sehemu yao: banda dogo, stoo, au kona ya uani iliyozibwa kwa mbao. Paka abaki na maeneo yake yote ya zamani, hasa jiko. Wengi hufanya kinyume, wanamfungia paka ndani ya chumba ili mbwa wazoee nyumba. Hapo umemwadhibu mwenyeji kwa sababu ya mgeni.

Chukua kitambaa, hata kipande cha kanga kuukuu, wapanguse watoto wa mbwa, kisha kiweke mbali kidogo na chombo cha chakula cha paka. Asiwekewe chini ya pua. Akikinusa na kuendelea kula, kesho kisogeze kidogo. Akikataa kula, kirudishe nyuma. Fanya vilevile kwa upande wa pili: kitambaa chenye harufu ya paka wapelekewe mbwa. Jambo hili linaonekana la kitoto lakini linafanya kazi, kwa sababu kwa wanyama hawa harufu ndiyo utambulisho.

Baada ya hapo walishe kwa wakati mmoja, mlango ukiwa katikati yao umefungwa. Paka anasikia vilio na mikwaruzo ya mbwa huku anakula usipa wake. Taratibu anaanza kuhusisha kelele zile na shibe.

Siku ya kuonana

Mlete mtoto mmoja wa mbwa, siyo wote. Watoto wawili wakiwa pamoja wanapeana ujasiri, mmoja akikimbia mwenzake anafuata, na paka anajikuta anawindwa na kundi. Mmoja mmoja ni rahisi zaidi. Mshibishe kwanza, mwache achoke kwa kucheza nje, kisha mfunge kamba laini na ukae naye chini.

Paka mwache aje mwenyewe. Usimbebe mikononi kumpeleka kwa mbwa, maana akishtuka atakuparua uso wewe. Hakikisha ana pa kupanda: juu ya kabati, kwenye uchaga, kwenye mti wa karibu na jiko. Paka aliye juu anaangalia chini kwa utulivu, na aliyebanwa kwenye kona atapigana.

Dakika 5 zinatosha. Mtoto wa mbwa akimkazia macho paka, mwite, mpe kipande cha ugali au dagaa akigeuka kwako. Akigeuka kila unapomwita, umeshapata nusu ya kazi. Akivuta kamba kutaka kukimbiza, mtoe bila kumpiga. Rudia kesho.

Paka akitoa ile sauti ya "hsss" au akimchapa mbwa kofi la pua bila kutoa damu, usimgombeze. Anaweka mipaka, na watoto wengi wa mbwa huielewa haraka kuliko fimbo yako. Ukimpiga paka kila mbwa anapokuwa karibu, utakuwa umemfundisha kwamba mbwa ni sababu ya kipigo.

Umri una msaada wake. Mtoto wa mbwa hujifunza kuishi na viumbe wengine kwa urahisi zaidi kati ya wiki 3 na wiki 14 hivi. Kwa paka dirisha hilo hufunga mapema, karibu wiki ya 7 au ya 9. Ndiyo maana paka aliyekulia kwenye nyumba ya mbwa anaweza kuzoea ndani ya siku chache, na mzee ambaye hajawahi kukaa na mbwa akachukua wiki kadhaa au hata miezi. Kama paka wako ana watoto wachanga, subiri kwanza. Mama paka hana mjadala.

Mambo ambayo hayasubiri

Paka mwenye msongo anaweza kuacha kula. Usiseme "akisikia njaa atakula". Paka akikaa siku 2 au 3 bila kula, hasa aliyenenepa, ini lake linaweza kupata madhara makubwa. Na ukiona paka dume anachuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mtafute afisa mifugo wa kata yako au daktari wa mifugo.

Chakula cha paka kiweke juu, mbwa wasikifikie. Pale paka anapojisaidia, iwe kwenye majivu au mchanga, pazuie pia. Watoto wa mbwa hula kinyesi cha paka bila aibu yoyote, na minyoo huingia humo. Wenyewe pia mara nyingi huzaliwa na minyoo, kwa hiyo wapewe dawa mapema, na watoto wako wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza nao.

Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya binadamu duniani, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, lakini paka naye anaweza kuupata na kuuambukiza. Muulize aliyekupa kama mama wa hao watoto alichanjwa. Watoto wenyewe kwa kawaida huchanjwa wakifikisha miezi 3, na siku hiyo mpeleke na paka. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mnyama ambaye hajachanjwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mnyama ataugua, maana ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara huua.

Na wakikataa kabisa?

Inatokea. Siyo kila paka atalala mgongoni kwa mbwa kama kwenye picha za mtandaoni, na wala hakuna haja. Wengi huishia kupuuzana tu, mmoja anapita, mwenzake anageuza kichwa, na hayo ni mafanikio. Ikishindikana hata hapo, wagawie nyumba: jiko na stoo ya mahindi viwe vya paka, uwanja na banda viwe vya mbwa, na kwenye mlango wa jiko weka kizuizi cha mbao ambacho paka anaruka na mtoto wa mbwa hawezi.

Ile tabia ya kumfunga paka kwenye gunia na kwenda kumtupa sokoni au kijiji cha jirani, tuiache. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Halafu paka aliyetupwa hujaribu kurudi kwao, na njia nzima kuna magari, mbwa wa watu, na mvua ya Mbinga.