Vijana wa Mshangano na Kikao cha Khabari za Dunia: Sheria Inasemaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake.

Amma baad. Limetufikia suali kutoka Mshangano, Manispaa ya Songea. Wanaouliza ni vijana wenye kazi zao: walimu, wauguzi, mhasibu, afisa ugani na fundi wa kompyuta. Hukutana baada ya Isha mara moja kwa wiki, nyumbani kwa mmoja wao, wakazungumza mambo yanayopita duniani: Gaza, Sudan, Msumbiji, bei ya mafuta na mbolea. Baadhi ya wenzao wasiokuwa Waislamu huja pia. Mzee mmoja wa msikiti amewaambia kuwa huo ni upuuzi, kwani Muislamu mwema huacha yasiyomhusu. Mwengine amewaambia wataletewa matatizo na dola. Wanauliza kama waendelee, na kama wakiendelea, wafanye vipi.

Asili ya jambo hili ni kufaa. Tena Maswahaba walilifanya wakiwa Makka, wachache na wanyonge, hawana jeshi wala mji. Warumi waliposhindwa na Wafursi, washirikina wa Kikuraishi walifurahi kwa kuwa Wafursi hawakuwa watu wa Kitabu, na Waislamu wakahuzunika. Ikateremka Suratur Rum, ikaeleza kwamba Warumi watarudi kushinda ndani ya miaka michache. Nani angesema vita vya Sham vinamhusu mtu anayepigwa mawe katika vichochoro vya Makka? Qur-ani ikavizungumza.

Katika kisa hicho hicho mna jambo linalowahusu wapenda uchambuzi. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Abubakar (R.A.) aliwekeana dau na washirikina, kabla ya kamari kuharamishwa, wakakubaliana muda wa miaka mitano. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa alimuuliza kwa nini hakuuweka chini ya kumi, kwa sababu neno lililotumika katika aya linabeba mpaka miaka tisa. Ushindi ulikuwa ni ahadi ya Allah isiyo na shaka. Tarehe ilikuwa ni makisio ya mwanadamu. Leo kijana anatazama video ya dakika tatu, akatoka anawatangazia wenzake kuwa dola fulani itaanguka kabla ya Ramadhani. Amepata wapi?

Ama kauli ya mzee wetu kuhusu yasiyomhusu mtu, hadithi hiyo ni sahihi na ni nguzo katika adabu. Lakini lipi lisilomhusu mtu wa Songea? Mkulima wa mahindi wa Ruvuma aliijua vita ya Urusi na Ukraine mwaka 2022 kwenye bei ya mfuko wa mbolea, mpaka Serikali ikaingiza ruzuku mwaka ule ule. Vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, Watanzania waliokuwa Khartoum, wengi wao wanafunzi, walirudishwa nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa madrasa zetu. Mji wenyewe umebeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Watu waliotoka Ulaya bila ya kualikwa. Na kuanzia 1964, vita vya ukombozi vilipopiganwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, wakimbizi walivuka kuja upande huu. Dunia haijawahi kuipita Songea kando.

Kuna mas-ala ya wakati, kwa kuwa kikao chao ni baada ya Isha. Katika hadithi ya Abu Barza (R.A.) iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Lakini Tirmidhi amepokea kutoka kwa Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akikesha na Abubakar wakizungumza jambo katika mambo ya Waislamu, na Umar akiwa pamoja nao. Kwa hiyo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakasema karaha ni kwa maneno yasiyo na haja, na yenye kheri hayana karaha. Mpaka uko wapi? Kikao kikiwakosesha Alfajiri, kimekwisha jihukumu chenyewe. Saa moja unusu inatosha.

Sasa tufike kwenye kiini, nacho ni kuihakikisha khabari. Nitakieleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu sijaona kinachofanana zaidi na kikao cha Mshangano.

Umar (R.A.) alikuwa akikaa pembezoni mwa Madina na jirani yake wa Kiansari. Walikuwa wakipokezana: siku moja huyu anateremka kwa Mtume (S.A.W.) na kurudi na khabari, siku ya pili yule. Watu wawili wenye shughuli zao, wakigawana kazi ya kupata khabari. Na mazungumzo ya siku zile yalikuwa juu ya Ghassan, Waarabu wa Sham waliokuwa upande wa Warumi. Ilisemwa wanawatia farasi wao njumu waje kuishambulia Madina. Usiku mmoja yule jirani akabisha mlango kwa kishindo. Umar akatoka na fazaa, akauliza: Ghassan wamekuja? Akajibiwa: kubwa kuliko hilo, Mtume amewaacha wakeze.

Tazameni alivyofanya Umar. Hakubisha mlango wa jirani wa tatu. Aliswali Alfajiri na Mtume (S.A.W.), akaingia kwa binti yake Hafsa, mke wa Mtume, akamkuta analia. Alipomuuliza kama wameachwa, alijibu kuwa hajui. Mwenye ndoa yake anasema hajui, na msikitini watu wameinamisha vichwa, wana yakini! Umar akaomba ruhusa ya kuingia kwa Mtume mara baada ya mara, asipewe, mpaka akaruhusiwa. Akauliza hata kabla hajakaa. Jibu likawa: hapana. Kumbe alikuwa amejitenga nao kwa mwezi tu. Katika upokezi wa Muslim, Umar alisimama kwenye mlango wa msikiti akatangaza kwa sauti kuwa hawakuachwa, na hapo ikateremka aya ya 83 ya Suratun Nisaa, inayowalaumu wanaolisambaza jambo la amani au la khofu pindi linapowafikia, na inayoelekeza lirudishwe kwa Mtume na kwa wenye madaraka, wapate kulijua wale wawezao kulichimbua.

Jirani yule hakuwa muongo. Alikuwa Sahaba mwema, amesikia kwa watu wengi, na alichokiona kwa macho, yaani watu wanalia, kilikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika tafsiri. Hivyo ndivyo khabari nyingi za uongo zinavyokuja: picha ni ya kweli, maiti ni wa kweli, ila ni wa mji mwengine na mwaka mwengine. Kijana aliyesoma ana hatari zaidi hapa, kwa sababu akirusha kitu kwenye kundi la WhatsApp, mama yake na wanafunzi wake wanakichukua kama neno la mjuzi.

Na uharibifu unaweza kuwa mkubwa. Maswahaba waliohajiri Uhabeshi mwaka wa tano wa Utume walifikiwa na uvumi kuwa watu wa Makka wamesilimu. Baadhi yao wakarudi. Walipokaribia Makka wakatambua kuwa si kweli, ikabidi waingie kwa kujificha au kwa himaya ya mtu. Waliacha amani ya Najashi kwa ajili ya khabari nzuri isiyo ya kweli. Khabari nzuri, nasema, maana sisi hudhani ni mbaya tu zinazohitaji kuhakikishwa.

Kwa hiyo wana Mshangano wajiwekee kawaida: anayeleta khabari aseme ameitoa wapi na lini, na kama ni picha, imepigwa wapi. Asiyeweza aiache nyumbani. Na iulizwe kwa mwenye kuijua: mambo ya Khartoum waulizwe waliorudi kutoka Khartoum, mambo ya mpakani waulizwe wafanyabiashara na ndugu walioko kule, mbolea anayo afisa ugani wao. Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani mwenye kuchapisha taarifa za uongo akijua ni uongo. Lakini Muislamu ana aya ya sita ya Suratul Hujurat kabla ya hiyo.

Nije kwenye Msumbiji, na hapa nitasema wazi. Mkoa wa Ruvuma unapakana na Niassa, na Niassa ni jirani wa Cabo Delgado. Mapigano ya huko yalianza Oktoba 2017 kwa kushambuliwa Mocímboa da Praia. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma. Kati ya hapo, Oktoba 2020, washambuliaji walivuka mpaka wakaingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Wengi waliochomewa nyumba na kukimbia katika wilaya zile za pwani ni Waislamu, watu wa swala na saumu. Kabla ya risasi ya kwanza, viongozi wa Kiislamu wa huko walikwisha kuwaonya wenye mamlaka juu ya kikundi kile. Kilianza vipi? Kwa vijana kujitenga na misikiti ya wenzao, kuwaona wazee wao si Waislamu wa kweli, na kuzungumza faraghani.

Mzee aliyewatahadharisha vijana kuhusu dola hakukosea kuogopa. Dawa aliyoitaja tu ndiyo siafikiani nayo. Kikao kikivunjwa, kijana mwenye uchungu wa Gaza atabaki na simu yake chumbani, na katika simu hiyo yumo mtu anayemsubiri. Afadhali akae na wenzake tisa na taa zikiwa zimewashwa. Lakini mlango uwe wazi. Imamu ajue, mwenyekiti wa mtaa ajue, na mzee yeyote akipita aweze kuingia akanywa chai. Suratun Nisaa aya ya 114 imekata kuwa hakuna kheri katika mengi ya mazungumzo ya siri, isipokuwa ya mwenye kuamrisha sadaka, au wema, au kusuluhisha watu. Akija mgeni mwenye video za kuchinjana, au mwenye kutaka majina na namba za simu, au mwenye kusema kuwa haya asiambiwe imamu, basi huyo atolewe, na wenye dhamana waarifiwe. Kumficha si udugu.

Kuhusu wenzao wasiokuwa Waislamu, waendelee kukaa nao. Songea ni mji wa Wakristo wengi, na hao ni wenzao wa ofisini na majirani zao. Ila uadilifu uwepo, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Maida aya ya nane, kwamba chuki isitufanye tuache kuwa waadilifu. Chukueni mfano mgumu. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Hawakuwa askari. Anayezungumza damu ya Gaza, na ni haki yake na wajibu wake kuizungumza, asinyamaze pale mwenzake Mkristo anapowataja wawili hao, wala asitafute udhuru. Na yule mwenzake naye aulizwe kwa upole kuhusu maelfu ya watoto wa Gaza. Msipoweza kuyasema yote mawili katika chumba kimoja, hamjadili, mnashangilia timu.

Sisi Waunguja tumekulia barazani, na faida na madhara yake tunayajua. Wazee walikusanyika kwenye redio miaka ya hamsini wakisikiliza Sauti ya Cairo, na kabla yao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikwisha kutoa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, akiwaeleza watu kwa Kiswahili hali za Waislamu na ulimwengu. Huo ulikuwa mwamko. Lakini zikaja zama za siasa, na baraza zile zile zikagawika: jirani hanunui duka la jirani, huyu haendi maziko ya yule. Wakubwa walikuwa Cairo, London na Moscow, hawatujui kwa majina. Waliovunjika ni watu wa mtaa mmoja. Kikao cha Mshangano kikianza kuwafanya wawili wasisalimiane kwa sababu ya rais wa nchi ya mbali, kisimame kwa muda wapatane kwanza.

Dada zetu walimu na wauguzi wanaruhusika kushiriki kwa sitara na bila ya faragha ya mwanamke na mwanamme. Kwao ingekuwa bora kikao kiwe baada ya Alasiri siku ya mapumziko, kuliko kutembea usiku.

Wameuliza pia wafanye nini wanapomaliza, maana huondoka na huzuni tu. Mtume (S.A.W.) alipopata khabari ya kuuawa Maswahaba wasomi sabini huko Bi'r Ma'una, alileta kunuti kwa mwezi mzima akiwaombea laana wauaji. Katika madhehebu yetu kunuti ya msiba ni sunna katika swala zote tano. Wamuombe imamu wao ailete. Wakichanga fedha, wapeleke kwa taasisi iliyosajiliwa na inayotoa stakabadhi, wala wasitume kwa namba ya simu iliyokuja na picha ya mtoto anayelia. Na wasisahau kuwa mgonjwa wa mtaa wao ana haki ya kwanza.

Limebaki moja: wanaweza kukaa msikitini? Darsa na dua, naam. Mabishano ya sauti za juu, hapana. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Umar (R.A.) alijenga uwanja pembeni ya msikiti wa Madina, ukiitwa Al-Butayhaa, akawaambia wanaotaka kuzungumza kwa sauti au kusoma mashairi watoke waende huko. Kama msikiti wao una baraza nje au kivuli cha mwembe, wamuombe imamu ruhusa wahamie hapo.

Wallahu a'lam.