Kisima Kisichotekwa Maji Kina Kazi Gani?

Huko Makutupora, karibu na Dodoma, viko visima virefu vinavyowapatia watu wa mjini maji. Viko pia visima ambavyo hakuna anayeteka maji humo. Ni bomba jembamba tu lenye kifuniko juu. Mpita njia husema, "Hili limetupwa." Sivyo! Hivyo ni visima vya kupimia.

Mpimaji hushusha utepe ndani ya bomba, akaona maji yako umbali gani kutoka juu, akaandika. Huko Makutupora kazi hii ilianza miaka ya 1950. Vipimo hivyo vimetufundisha kwamba maji ya chini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Huongezeka sana katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998.

Lakini kisima cha kupimia kikiziba, kinatudanganya. Chini ya bomba kuna matundu madogo ya kupitisha maji. Tope na kutu huyaziba. Maji ya ndani hubaki palepale, kumbe ya nje yamekwisha shuka. Tutadhani maji yapo tele, tutazidi kuyavuta kwa mashine. Mwisho mashine itavuta hewa.

Tutajuaje kimeziba? Kwanza, kipimwe kina. Kama kilichimbwa mita 60, na leo kamba inagota mita 52, basi mita 8 zimejaa tope. Pili, mpimaji hutia ndani maji safi kidogo. Yakikawia kushuka kuliko zamani, matundu yameziba.

Kukizibua, mafundi hutoa mawe na tope kwanza. Halafu hushusha kizibo chenye mpini mrefu, wakakipandisha na kukishusha polepole kama mtu anayetwanga. Maji huingia na kutoka kwenye matundu, tope likalegea. Kisha huyavuta maji machafu mpaka yatoke meupe.

Mwisho huzungushia bomba sementi, hutia kifuniko na kufuli. Kama bomba limekatwa au kuongezwa juu, hupima upya urefu wake kutoka ardhini. Bila hivyo, vipimo vipya havitalingana na vya zamani.

Kuzibua ni kazi ya mafundi. Kulinda ni kazi yetu sote. Tuwakataze watoto kutupia mawe humo. Tusifungie ng'ombe kwenye bomba. Tukiona kifuniko hakipo, tumwarifu mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.