Kipima sukari kimoja, vidole vingi

Huku Kwale mzee kwa kawaida hutunzwa na wanawe. Akizidiwa hupelekwa Msambweni, au katika mojawapo ya zile hospitali ndogo za kulaza wagonjwa, kama zilizoko Diani, ambazo tumezoea kuziita nasing homu. Mara nyingi humo kipima sukari ni kimoja, nacho huzungushwa kitanda hadi kitanda kabla ya chai ya asubuhi.

Hatari iko katika tone la damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, na damu inayovibeba huenda isionekane kwa macho. Mwaka 2010, katika makao ya wazee huko North Carolina, Marekani, wakazi 8 waliokuwa wakipimwa sukari waliambukizwa. 6 kati yao wakafariki.

Kalamu ya kutobolea kidole ni ya mtu mmoja tu, hata ikisafishwa vipi. Ncha yake hutumika mara moja na kutupwa. Kipima sukari nacho hupanguswa kila baada ya mgonjwa: kwanza kuondoa uchafu, kisha kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa inayoua virusi na kukamuliwa, kama watengenezaji wanavyoelekeza. Kisitumbukizwe majini. Spiriti inafaa kwa stethoskopu na kipimajoto cha kwapani, lakini penye damu haitoshi. Mkanda wa presha ukiwa wa kitambaa, ufuliwe.

Kwa meza na trei zenye damu, klorini hutosha. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji hutoa nguvu ya asilimia 0.5. Ichanganywe kila siku, ifunikwe na kuwekwa kivulini. Nimewahi kukuta ndoo iliyokaa dirishani, juani, tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Kwangu mimi hayo yalikuwa maji ya kudekia tu.

Ewe msomaji, ukimpeleka mama kulazwa, mwulize muuguzi kwa adabu: “Dada, ncha hii ni mpya?” Ukiweza, mnunulie kalamu na kipima sukari chake, uandike jina. Uliza pia kuhusu chanjo. Watoto wa Kenya walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwaka 2001, hivyo wazee wetu wengi hawakuipata. Mtu mzima kwa kawaida hudungwa mara 3 katika miezi 6.